Jembe la Mjane

Jumatano, 19 Februari

Dorah ameanza daftari jipya la hesabu. Hili la zamani lilibaki nusu, nimelichukua mimi. Kaniuliza, "Mama, na wewe unasoma?" Nikamwambia ndiyo, niko darasa la waoga.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Pale jumuiya, wakisema tu "Hyasinta, tuombee," koo linafunga, inatoka sauti ya kuku aliyekabwa, mpaka mwenzangu mmoja anionee huruma aombe yeye. Nilikuwaga hivi tangu usichana. Marehemu Pastory alinitania kwamba siku nikipata sauti, ziwa litahama. Kwenye karatasi lakini mdomo ninao. Karatasi haijanicheka bado.

Sasa niseme kinachonitetemesha. Ni mvua.

Pastory alifariki Novemba. Pikipiki iliteleza njia ya Bunda, tukamzika hapa kwao, nyuma ya jiko. Katika ukoo huu nilikoolewa, mume akifa nyumba nzima inasubiri. Hakuna wa kupanda hata punje, si shemeji, si mama mkwe, mpaka mjane aingize jembe kwanza. Na mjane haingizi jembe mpaka atakaswe. Kutakaswa ni kulala na mwanamume wa kutoka mbali, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, anaitwa mji huu na mji ule. Mjane akipanda bila hivyo, wanasema, mtoto wake anakufa, na atakayekula mazao yale anamfuata.

Mtoto ninaye mmoja. Ana miaka saba.

Na huyo mwanamume simtaki. Mwili ni wangu, sijui kalala wapi jana, na mimi nimebatizwa. Kuyaandika ni rahisi. Kwa hiyo Nyegina yote inaomba mvua inyeshe, na mimi niko benchi la nyuma kanisani naomba ichelewe.

Jumatatu, 24 Februari

Wingu zito upande wa ziwa. Limepita. Asante, Bwana.

Jumatano, 5 Machi, Majivu

Mama mkwe aliyaangalia majivu kwenye paji langu, akauliza, "Na hayo yanatakasa?" Fundi cherehani hapa ni mimi, lakini Nyamburi mama yake Pastory anakupima kwa jicho tu, bila futi. Akaenda zake kwa kuku.

Baada ya ibada nilimngoja katekista Bernado nje. Nilimweleza kwa kunong'ona huku naangalia viatu vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada Hyasinta, hiyo ni hofu tu imevaa nguo za mila. Wewe panda. Siku hiyo nitakuja mwenyewe na maji ya baraka, nitasimama shambani mpaka umalize. Wakitaka kugusa mtu, waanze na mimi."

Jamani! Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshiba.

Jumapili, 9 Machi

Imenyesha. Ilianza wakati wa mchana, mvua ya haki, mifereji ikajaa. Dorah alitoka kucheza akicheka, mimi nikakaa ndani nimeshika mkasi ambao sikuwa na kitu cha kukatia.

Jioni Masatu, mdogo wake Pastory, alikuja na mke wake Mama Wanzagi. Mama mkwe akavuta kigoda. Masatu akaanza: "Mama Dorah, ardhi imelowa. Yule mtu wa Bunda nimempigia, anasema Alhamisi ana nafasi." Alisema kama vile angesema fundi wa kuchimba choo ana nafasi.

Nikafungua mdomo. "Mimi, shemeji... kanisa..."

"Kanisa litatulimia?"

"Mwenzangu, usitufanyie hivyo," Mama Wanzagi akasema. "Mimi nina watoto watano hapa. Wewe ukikaa na aibu yako, hawa watakula aibu?"

Mama mkwe alikuwa akiangalia mlango, mvua inavyoingia.

Nikasema hapana. Bati lilikuwa linapiga kelele, hawakusikia, ikabidi nirudie, na kurudia ni kubaya kuliko kusema. "Nimesema hapana." Masatu akasimama. Mama mkwe akamwambia, "Mwache alale nalo." Walipotoka nilienda nyuma ya jiko nikatapika, karibu kabisa na kaburi. Nikamwambia Pastory samahani.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia kaka Evance, Butiama, kumuuliza kama naweza kwenda na Dorah kukaa kwao msimu huu. Akasema, "Dada yangu, nakupenda. Lakini hapa usije hujatakaswa. Nina ng'ombe, nina wajukuu." Akaniaga vizuri kabisa. Mpaka salamu za shangazi alinipa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepanda.

Nilimwambia Bernado jana, akaniitikia, "Saa moja asubuhi nipo." Saa moja nilikuwa mwanzo wa shamba na jembe, ndoo ya mahindi na kunde. Dorah nimemwacha ndani nimemfungia. Jua likapanda. Nikaangalia njia ya kanisani mpaka shingo ikauma. Hakuna mtu. Kwenye ua wa minyaa ndiyo walikuwepo: Mama Wanzagi, majirani, watu wa mji wa pili, wamesimama kimya kama kwenye msiba. Na nikajua msiba wanaousubiri ni wa nani.

Nilitaka kurudi. Naandika ukweli, miguu iligeuka yenyewe. Nikaiambia: mvua haingoji, Bernado haji, na huyo wa Bunda hakuja Alhamisi, lakini akija nitakimbilia wapi? Nikasema, Bwana, mimi sina imani ya kutosha, sina hata ya kujaza kijiko, lakini jembe ninalo. Nikapiga shimo la kwanza.

Kila shimo niliweka punje na kusema, "Bwana, mtoto wangu." Shimo, punje, mtoto wangu. Mbegu zikamwagika, nikaokota, nikaendelea. Mchana watu wa minyaa waliondoka, njaa haina mila. Mimi nikafika mwisho wa shamba jua linaelekea ziwani. Sikusikia amani wala joto moyoni, ile wanayosimuliaga wenye ushuhuda. Nilisikia mgongo.

Nilipofungua mlango Dorah alikuwa amelala sakafuni. Niliruka. Kumbe usingizi wa kawaida tu.

Jumapili, 16 Machi

Bernado anasema baiskeli ilipata pancha. Kutoka kwake mpaka kwangu mtu anatembea.

Jumamosi, 22 Machi

Mahindi yameota. Dorah amekohoa.

Jumapili, 23 Machi

Lilikuwa vumbi la ufagio. Lakini usiku mzima nilikuwa naweka mkono puani kwake.

Alhamisi, 3 Aprili

Cherehani imekaa. Hakuna anayeleta kitambaa, hata sare za shule wanapeleka Buhare. Mama Wanzagi akipita anamshika mtoto wake upande wa mbali na mimi.

Shamba langu ni kijani, la Masatu ni majani ya mwitu. Mashamba yamepakana, yametengwa na tuta moja tu. Hajapanda. Anasema nyumba imechafuka, akipanda sasa anapandia wanawe kaburi. Leo alikuja peke yake, akasimama pale kwenye tuta, kofia mkononi.

"Mama Dorah, msimu wa kupanda unaisha. Watoto wangu watakula nini?"

"Panda, shemeji. Mimi si nimeshapanda?"

"Naogopa," akasema.

Alisema hivyo hivyo, mwanamume mzima mwenye ndevu. Miezi hii yote nilidhani Masatu ni mkali. Kumbe ni mwoga mwenzangu, tofauti ni kwamba yeye ana sauti. Nilitaka kumwambia na mimi naogopa, nikaona akinisikia hivyo ndiyo hatapanda kabisa. Nikarudi kupalilia. Sijui kama nilifanya vizuri. Kila nikilala naona watoto watano na sahani tupu, na mwenye kosa ni mimi. Labda nina kiburi tu. Labda wanawake wote waliotakaswa kabla yangu walikuwa na akili, na mimi ndiye mjinga niliyejiona mtakatifu.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Majani ya kunde yamekomaa. Nimechuma ya kwanza, nikapika na karanga, nikapeleka bakuli kwa mama mkwe na bakuli kwa Mama Wanzagi. Ni sikukuu, nilisema moyoni, labda.

Mama Wanzagi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, nilipogeuka akawamwagia kuku. Kuku wamekula. Jioni nimewaangalia wote wanapanda bandani, wazima kabisa, mpaka yule jogoo kilema.

Mama mkwe hakumwaga. Aliliweka bakuli juu ya kabati, akalifunika.

Mimi nilikula. Dorah akauliza, "Mama, nikila nitakufa? Wanzagi amesema." Nikamwambia hapana. Kisha nikampa ugali kwa maziwa. Eh, Hyasinta! Mdomo umesema hapana, mkono umesema ndiyo. Kristo amefufuka na mimi nimejificha nyuma ya kikombe cha maziwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mbu. Namshonea Dorah chandarua kilichotoboka.

Jumanne, 6 Mei

Ana homa. Zahanati wamempa dawa.

Imekuja. Ee Mungu, imekuja.

Alhamisi, 8 Mei

Naandikia kwenye benchi la wodi, Musoma mjini.

Jumanne jioni Dorah alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, meno yakafunga. Tulipakiwa kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mvua usoni, njia nzima nasema maneno yale yale ya mashimo, Bwana mtoto wangu, Bwana mtoto wangu. Hospitali wakasema malaria imepanda kichwani na damu imeisha. Wakamwongezea damu. Macho hayakufunguka.

Jana asubuhi nilitoka nje ya wodi, nikampigia Masatu. "Shemeji, mwite yule mtu. Nimekubali." Nikakata. Yote niliyoandika kwenye daftari hili niliyaona takataka. Nani aliniambia mimi naweza kupigana na kitu ambacho hata Bernado kilimshinda?

Mchana mama mkwe akafika na chupa ya uji. Akamgusa Dorah miguu, akakaa. Nikamwambia, "Mama, mmeshinda. Masatu amenipigia, yule mtu anakuja kesho." Nilitegemea afurahi. Akaanza kuongea akiangalia ile chupa ya uji.

"Mimi nilitakaswa alipokufa baba yenu. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Niliuma khanga mpaka akamaliza. Wakaniambia watoto watapona. Mwaka ule ule nikamzika Rhobi wangu, kisha pacha wa huyu Masatu. Nikasema labda kuna mwiko nilikosea, nikaanza kushika miiko yote, mpaka ya majirani. Haya. Na Pastory? Pastory nilimkosea mwiko gani?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba nililala na yule mtu bure?" Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekwambia. Mimi sikuwa na wa kumuuliza. Wewe unasema unaye. Muulize, lakini uharakishe."

Nilimuuliza. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda, sakafu ya dawa. Sikujibiwa kitu. Mtoto alihema vile vile. Lakini nikiwa pale nikaona jambo ambalo lilinitia aibu: tangu Machi nimekuwa namwomba Mungu kana kwamba ni mtu anayengoja kulipwa damu ya mtoto wangu ndipo atulie. Nimemvalisha Mungu koti la yule wa Bunda. Na huyo siye niliyebatizwa kwake. Aliyenipokea kwenye kisima cha ubatizo alinipokea bure, nikiwa mchanga wa kulia tu.

Leo asubuhi nikamwacha Dorah kwa bibi yake, nikapanda bodaboda kurudi Nyegina. Hali ilikuwa ile ile. Nataka ijulikane hivyo, hakuwa amepona nilipoondoka.

Nilimkuta yule wa Bunda amekaa kwenye kiti cha Pastory, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, anakunywa chai kwenye kikombe changu. Nilikuwa nimemwota ana pembe. Masatu na mke wake walikuwa ukutani.

Nikasema, "Baba, karibu. Maliza chai, halafu uende."

"Mimi nimeitwa," akasema.

"Nilikuita mimi. Nimekosea."

Masatu akaruka. "Mama Dorah! Mtoto yuko kitandani! Akifa?"

Hapo koo likafunga, lile lile la jumuiya. Nikashika ukingo wa meza. Nikasukuma, kama mtu anavyosukuma gari kwenye tope.

"Akifa nitamzika karibu na baba yake, nitalia mpaka niishe. Lakini sitakuwa nimemuua mimi. Na akipona, hatakuwa amemponya huyu."

Sauti ilitoka nyembamba, imepasuka katikati, lakini ilitoka yote. Nilichungulia dirishani. Ziwa lilikuwa pale pale.

Yule mtu akamaliza chai. Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Hata mke wangu haipendi kazi hii." Akaondoka.

Nimerudi wodini. Nimekaa hapa. Naogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Alfajiri amesema, "Bibi, nina njaa." Bibi yake akaanguka kwenye benchi akalia kwa sauti mpaka nesi akaja mbio akidhani tumefiwa.

Jumapili, 25 Mei

Dorah anatembea, miguu kama vijiti, mdomo umerudi wote.

Bernado alikuja na jembe begani, bila kualikwa. Akasimama kwenye minyaa.

"Dada, siku ile pancha haikuwepo. Nilifika mpaka hapa. Nilikuona unapanda. Na mimi nina mtoto mmoja."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia siku hii ikifika, tangu Machi nilikuwa nayanoa. Nikayatafuta, sikuyaona. Nikamwonyesha mstari wenye magugu mengi kuliko yote. Amepalilia mpaka mchana, na maji ya baraka alikuwa nayo mfukoni, kachupa ka dawa ya kikohozi. Tumenyunyizia mahindi ambayo tayari yamenizidi kimo.

Masatu alituangalia kutoka ng'ambo ya tuta. Jioni nikamwona anasafisha shamba lake.

Jumatano, 28 Mei

Masatu anapanda marando ya viazi. Mahindi amechelewa, lakini viazi vitamkubali. Mama Wanzagi amekuja kuuliza kama nina uzi wa bluu.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimevunja mahindi ya kwanza. Niliwasha moto uani, nikachoma. Harufu ikaenda mji mzima, watoto wa Masatu wakaja mpaka kwenye mlango wa jiko wakasimama pale wanameza mate. Mama yao akawaita. Hawakuondoka. Akawaita tena, akaja mwenyewe kuwachukua, akabaki amesimama na yeye. Masatu akatoka shambani na udongo miguuni.

Maana hofu hii ndiyo iliyobaki. Dorah kupona ni jambo moja, na wapo wanaosema laana imemruka tu inamtafuta mwingine. Atakayekula ndiye anayefuata. Kila mtu pale uani alijua.

Mama mkwe akavuta kigoda chake karibu na moto. Akanyoosha mkono. "Lete la kwanza."

"Mama," Masatu akasema, "ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Nimengoja tangu kabla hujaota meno." Nikamwekea hindi kiganjani. Akaligeuza, moto unamchoma, hakuliachia. Kisha akaniangalia kwa lile jicho la futi. "Ombea kwanza. Kwa sauti, na Masatu asikie."

Mimi! Mbele ya wote! Koo likaanza mambo yake. Nikafikiria ombi zuri, yale ya Bernado yenye vina, halikuja hata moja. Nikafumba macho nikasema kilichokuwepo.

"Bwana, tunaogopa. Kaa na sisi, tule. Amina."

"Amina," akasema mama mkwe, akang'ata.

Tulimwangalia anatafuna. Meno yake ni machache, alichukua muda wake. Akameza. Nikamkatia Dorah kipande, kwa mkono huu huu uliompa maziwa Pasaka, nikakata na changu. Tukala. Wanzagi akaponyoka kwa mama yake, akanyakua hindi kwenye makaa, na mama yake akapiga ukelele, na mtoto alikuwa ameshameza. Ndipo Masatu akachuchumaa. Akasema, "Basi nipeni na mimi, tufe wote." Akacheka peke yake, machozi yanamtoka, anasingizia moshi.

Nimelala na nguo. Sijazima taa.

Jumapili, 15 Juni

Wameamka wote. Mama mkwe anauliza kama yamebaki.